Mgeni aliyepewa jembe: historia ya spora na DNA inayohama

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa na baadhi yenu mmeniandikia kuuliza kama nimehama mji. Sijahama. Nilikuwa nasoma. Na kilichonifanya nisome ni aibu, wacha niseme ukweli tangu mwanzo.

Niliandika habari fupi gazetini kuhusu ng'ombe waliokufa ghafla katika kijiji kimoja cha wafugaji huku kaskazini mwa Tanzania. Wataalamu walikuwa wameshasema ni kimeta. Mwisho wa habari nikaongeza sentensi moja ya kwangu mwenyewe, ambayo hakuna mtu aliyeniambia: kwamba nyama ikichemshwa vizuri haina madhara, kwa sababu bakteria hufa kwenye maji yanayochemka. Nilidhani nimewasaidia watu.

Kesho yake asubuhi simu ikaita. Alikuwa daktari wa mifugo, mzee aliyestaafu, namba yangu aliipata kwa mtu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Ni wewe uliyeandika ile habari ya kimeta?"

Nikasema ndiyo, ni mimi, huku nikingoja sifa.

"Umekosea, na kosa lako linaweza kuua mtu. Nyama ikifika kwenye sufuria, nani ameshamchuna huyo ng'ombe? Nani ameshika damu? Damu imemwagika wapi? Yule bakteria akiwa ndani ya mnyama hana ganda. Ukimpasua mnyama, bakteria akapata hewa, anajifungia. Anakuwa spora. Hapo atakaa kwenye udongo wa boma lako mpaka wajukuu zako."

Nikamwuliza kwa nini asijifungie humo humo ndani ya mnyama. Mzee akacheka. "Hilo nenda kasome. Ukilijua, hutasahau tena kwa nini tunawakataza watu kupasua mzoga."

Basi nikaenda kusoma. Gazeti lilichapa sahihisho la mistari miwili, lakini mistari miwili haikunitosha. Haya ndiyo niliyoyakuta, na ni historia ndefu yenye vituko vyake. Leteni chai.

Tuanze Ulaya, mwaka 1876. Katika mji wa Breslau, ambao leo unaitwa Wrocław na uko Poland, kulikuwa na profesa wa mimea aitwaye Ferdinand Cohn. Alikuwa akichunguza maji yaliyolowekwa nyasi kavu. Wakati ule wasomi walikuwa wanabishana vikali. Wengine walisema uhai hujizukia wenyewe tu, na ushahidi wao ulikuwa kwamba ukichemsha maji ya nyasi, ukayafunika, baada ya siku chache viumbe vidogo vimejaa tena. Vimetoka wapi kama moto uliviua vyote?

Cohn alitazama kwenye hadubini akaona kwamba baadhi ya bakteria wana kijipunje kinachong'aa ndani ya mwili. Bakteria wenyewe walikufa kwa joto, vijipunje havikufa. Maji yakipoa, kijipunje kinachipua na bakteria anarudi. Hakuna kilichojizukia. Kulikuwa na kitu kilicholala. Bakteria huyo aliitwa Bacillus subtilis, jina ambalo Cohn mwenyewe alikuwa amempa mwaka 1872. Mkumbukeni huyu, tutarudi kwake.

Mwishoni mwa Aprili mwaka huo huo wa 1876, mlango wa Cohn ulibishwa na daktari wa wilaya asiyejulikana na mtu, umri wake miaka 32, kutoka mji mdogo wa Wöllstein. Jina lake Robert Koch. Alikuwa amebeba hadubini, panya, na habari ya kimeta. Nyumbani kwake, kati ya mgonjwa mmoja na mwingine, alikuwa amewakuza bakteria wa kimeta kwenye majimaji ya jicho la ng'ombe. Aliwaona wakirefuka kama nyuzi, kisha ndani ya nyuzi zikatokea spora, zimejipanga kama shanga. Akazikausha spora, akazirudisha kwenye majimaji, zikachipua. Akawachoma nazo panya, wakafa kwa kimeta. Cohn alishuhudia kwa macho yake, na utafiti huo akauchapa kwenye jarida lake mwaka huo huo.

Kwa hiyo swali la wafugaji wa Ulaya, kwa nini malisho fulani yanaua ng'ombe mwaka hadi mwaka hata kama hakuna mnyama mgonjwa, likapata jibu. Ugonjwa umelala udongoni. (Koch huyu ndiye aliyekuja kwetu Afrika Mashariki baadaye, akafika mpaka visiwa vya Sese kule Uganda mwaka 1906 kwa ajili ya ugonjwa wa malale. Lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine.)

Kule London, John Tyndall aliujua ukali wa spora kwa kuteswa nazo. Mwaka 1876 nyasi kavu ziliingizwa kwenye maabara yake, na tangu siku hiyo kila alichochemsha kikaoza. Ikabidi ahamishie majaribio yake kwenye bustani za Kew. Mwaka 1877 akaja na ujanja: usichemshe mara moja kwa muda mrefu, chemsha kidogo, acha spora zidhani hatari imepita zichipue, kisha chemsha tena. Rudia. Anayelala humwezi, mngoje aamke.

Ufaransa nako Louis Pasteur alikuwa na swali lake. Mizoga ya kondoo wa kimeta ilikuwa inazikwa chini kabisa. Spora zinafikaje juu kwenye majani? Mwaka 1880 akasema: ni nyungunyungu. Wanakula udongo wa chini, wanaupandisha juu pamoja na spora. Koch alimcheka hadharani kwa hoja hiyo. Waheshimiwa hawa wawili hawakupendana hata kidogo. Shikeni pia habari ya nyungunyungu, nayo tutarudi kwayo.

Mwaka 1881, Mei na Juni, Pasteur akafanya onyesho la chanjo ya kimeta pale Pouilly-le-Fort mbele ya madaktari, wakulima na waandishi wa habari. Kondoo waliochanjwa walisimama, wasiochanjwa walikufa. Magazeti yakajaa sifa. Alichowaachia watu waamini ni kwamba chanjo ile imepatikana kwa mbinu yake ya kuwakuza bakteria kwenye joto la nyuzi 42 hadi 43 mpaka wapoteze ukali. Daftari zake za maabara zilikuja kuonyesha kuwa chanjo ya siku ile iliandaliwa kwa kemikali, kwa njia ya msaidizi wake Charles Chamberland. Niliposoma hapo nilijisikia nafuu kidogo, kwamba sentensi zisizo sahihi hatuziandiki sisi wanahabari tu! Lakini mbinu ya joto nayo ilikuwa ya kweli, ilipunguza ukali wa bakteria. Kwa nini joto limnyang'anye bakteria ukali wake? Hakuna aliyejua, na jibu lilichukua miaka mia moja na ushei.

Mpaka hapo, ndugu zangu, kila mtu aliamini kwamba bakteria ni mwenye nyumba yake. Kama anatengeneza spora, ni akili yake mwenyewe. Tatizo ni kwamba baadaye watu walianza kukuta wageni ndani ya nyumba.

Mwaka 1950, pale Taasisi ya Pasteur mjini Paris, André Lwoff alikuwa akimtazama bakteria mmoja mmoja kwa hadubini, tena bakteria wa spora, Bacillus megaterium. Aligundua kuwa ndani ya bakteria hawa kunaweza kuwa na virusi vilivyojificha. Havionekani, havifanyi fujo, vinarithiwa na watoto na wajukuu, mpaka siku moja vikiguswa, kwa mfano na mionzi ya urujuanimno, vinaamka na kumpasua mwenyeji. Kazi hiyo ilimpa Lwoff Tuzo ya Nobel mwaka 1965, pamoja na François Jacob na Jacques Monod. Mwaka 1952 Joshua Lederberg kule Marekani akaleta neno plasmidi, kwa ajili ya vipande vya urithi vinavyoishi ndani ya seli pembeni ya kromosomu na vinavyoweza kuhama.

Na kabla ya hapo, Barbara McClintock, mwanamama aliyekuwa akichunguza mahindi huko Cold Spring Harbor, New York, alikuwa ameshasema kuwa kuna vipande vya urithi vinavyoruka kutoka sehemu moja ya kromosomu kwenda nyingine. Alipowaeleza wenzake mwaka 1951 wengi hawakumwelewa. Alipewa Nobel mwaka 1983, akiwa na miaka 81. Subira huvuta heri, lakini hiyo nayo ni subira gani jamani!

Sasa turudi kwa yule bakteria wa nyasi kavu, Bacillus subtilis. Akiishiwa chakula hafi kizembe. Anajigawa vipande viwili visivyolingana, kikubwa na kidogo. Kikubwa kinaitwa seli mama. Seli mama inakimeza kile kidogo, inakijengea tabaka juu ya tabaka la ganda, na baada ya saa nane hivi inapasuka na kufa. Kinachobaki ni spora. Mama anakufa ili mtoto alale salama. Ndani ya seli mama kuna protini moja inayotoa amri za hatua za mwisho za ujenzi wa ganda. Wataalamu wanaiita sigma K. Bila hiyo, ganda halikamiliki.

Katika miaka ya 1980 maabara ya Richard Losick, Chuo Kikuu cha Harvard, ilikuwa inaitafuta jeni ya sigma K. Waliipata, lakini walipoisoma waliona ni nusu tu. Jeni ilianza vizuri, ikakatika katikati. Nusu ya pili ilikuwa mahali pengine, mbali, na watu walikuwa wameshaipa jina tofauti wakidhani ni jeni nyingine kabisa. Mwaka 1989 Patrick Stragier wa Paris, pamoja na Barbara Kunkel, Lee Kroos na Losick, wakachapa jibu katika jarida la Science.

Chukua kitabu. Unasoma sentensi, ukifika katikati yake unakuta mtu amebandika kurasa za kitabu kingine. Sentensi yako inamalizikia baada ya kurasa hizo. Ndivyo ilivyokuwa. Kati ya nusu mbili za jeni kulikuwa na kipande cha DNA cha kigeni, urefu wake herufi 48,000 hivi, chenye alama za virusi vya kale vilivyoingia na kukaa. Kipande hicho kinaitwa skin. Na spora inapotengenezwa, kipande kinajikata chenyewe kinatoka, nusu mbili zinaungana, jeni inasomeka, sigma K inapatikana. Kimeng'enya kinachofanya kazi ya kukata kimo ndani ya kipande hicho hicho. Yaani mgeni amekuja na funguo zake.

Lakini kinachonifurahisha zaidi ni hiki. Mgeni anajikata ndani ya seli mama tu, ile ambayo itakufa. Ndani ya spora, ambayo ndiyo itakayoishi, mgeni yupo kamili, hajaguswa. Spora ikiamka miaka kumi baadaye, naye anaamka nayo. Hakupoteza kitu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Je, huyu mgeni amepewa jembe, au amekaa tu mlangoni kwa mwenye nyumba akimfungulia apite? Wanasayansi walijaribu. Walimwondoa kabisa kipande kile, jeni ikawa nzima tangu mwanzo. Bacillus subtilis akatengeneza spora vizuri tu! Na jamaa zake wengine wana jeni hiyo ikiwa nzima na hawana shida. Kwa hiyo kwa bakteria huyu, mgeni alijifanya wa lazima bila ya kuwa wa lazima. Mnawajua watu wa namna hiyo, hata maofisini wapo.

Lakini msikimbilie kuhukumu. Kuna bakteria mwingine, Clostridioides difficile, anayesumbua hospitali nyingi duniani. Huwapata hasa wagonjwa waliotumia antibiotiki, akawaharisha vibaya, na husambaa kwa spora. Naye ana kipande cha kigeni ndani ya jeni ile ile ya sigma K. Mwaka 2003 Jeremy Haraldsen na Abraham Sonenshein wa Chuo Kikuu cha Tufts, Boston, waliona kuwa katika aina walizozichunguza, zile zisizokuwa na kipande hicho zilitengeneza spora kwa shida. Na walipompa bakteria wa kawaida nakala ya jeni isiyokatwa, kazi yake ya spora ikaharibika. Inaelekea amri ikitolewa mapema mno, ujenzi unavurugika, na mgeni ndiye anayeshikilia amri mpaka wakati wake ufike. Huyu jembe amelishika kweli. (Na kwa faida yenu: spora za bakteria huyu haziuawi na dawa ya mikono yenye pombe. Sabuni na maji ndiyo dawa.)

Wala sigma K haiko peke yake. Mwaka 1997 urithi wote wa Bacillus subtilis ulisomwa, herufi milioni 4.2, na wakakuta angalau sehemu kumi zinazofanana na virusi au mabaki ya virusi. Nyumba nzima imejaa wapangaji. Mmoja wao, SPβ, ana herufi zipatazo 134,000. Mwaka 2014 watafiti wa Japani walionyesha kuwa naye amekaa katikati ya jeni, inayosaidia kuweka tabaka la sukari juu ya spora, na naye hujikata na kutoka ndani ya seli mama wakati wa kutengeneza spora. Mtindo ule ule, mgeni mwingine.

Sasa nirudi kwa mzee wangu wa simu na kimeta chake.

Mwaka 1937, kule Onderstepoort, Afrika Kusini, daktari wa mifugo Max Sterne alipata aina ya kimeta isiyo na ute unaomkinga bakteria dhidi ya askari wa mwili. Ng'ombe waliochanjwa kwa spora hai za aina hiyo hawakuugua, na walikingwa. Mpaka leo chanjo ya Sterne ndiyo inayotumika sana kwa mifugo duniani. Ila Sterne hakuweza kujua ni nini hasa kilichopotea. Jibu lilikuja mwaka 1983 na 1985: sumu ya kimeta imebebwa na plasmidi moja, pXO1, na ute umebebwa na nyingine, pXO2. Bakteria wa Sterne alikuwa amepoteza ile ya pili. Na yule wa Pasteur aliyekuzwa kwenye joto? Hupoteza ile ya kwanza. Watu hawa wawili, miaka 56 kati yao, walikuwa wanamfukuza mgeni bila kujua kuna mgeni.

Lakini bakteria wa Sterne bado anatengeneza spora vizuri, ndiyo maana chanjo yenyewe ni spora. Kwa hiyo ujuzi wa kulala ni wa mwenye nyumba, na ujuzi wa kuua ni wa mgeni. Swali langu likawa bado liko pale pale: kwa nini halali ndani ya mnyama?

Jibu moja lilichapwa mwaka 2006 na Marta Perego na wenzake kutoka California. Bakteria wa kimeta ana protini kama mlinzi wa zamu, inayopima hali ya mazingira na kutoa taarifa kwamba wakati wa kulala umefika. Plasmidi zile mbili, pXO1 na pXO2, kila moja imebeba protini inayofanana na kichwa cha mlinzi huyo, kichwa bila mwili. Protini hizo zinapotengenezwa kwa wingi zinamteka mlinzi, taarifa haifiki, na spora hazitengenezwi.

Someni tena hapo taratibu. Vipande vile vile vinavyobeba sumu na ute ndivyo vinavyoweza kumzuia bakteria asilale. Na hilo lina maana, kwa sababu spora haitoi sumu. Ndani ya damu ya ng'ombe bakteria anatakiwa awe macho, azaliane, aue. Hewa nayo ina sehemu yake kubwa, maana spora za kimeta zinahitaji oksijeni ili zitengenezwe, na ndani ya mzoga uliofungwa oksijeni haipo. Mzoga usiopasuliwa unaoza, na bakteria wengi wa kimeta waliomo wanakufa humo humo bila kufunga ganda. Mzoga ukipasuliwa, damu ikamwagika kwenye hewa, wanalala kwa mamilioni. Hapo ndipo nilipomwelewa mzee. Kisu cha mchinjaji ndicho kinachowapa nafasi.

Na nyungunyungu wa Pasteur? Mwaka 2009 Raymond Schuch na Vincent Fischetti wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walichapa utafiti kuhusu virusi vinavyomwingia bakteria wa kimeta huko udongoni. Baadhi ya virusi hivyo walivitoa kwenye matumbo ya nyungunyungu. Waliona kwamba bakteria akipata virusi fulani, tabia yake inabadilika. Vingine vinamzuia kutengeneza spora, vingine vinamchochea. Vingine vinamwezesha kuishi muda mrefu udongoni bila kulala, na hata kukaa ndani ya utumbo wa nyungunyungu. Basi yule mzee wa Paris aliyechekwa mwaka 1880 alikuwa ameelekeza kidole mahali penye jambo, ingawa sababu zenyewe asingeweza kuziota.

Niongeze moja la jikoni kabla sijamaliza, kwa sababu kosa langu lilianzia kwenye sufuria. Mwaka 2016 watafiti wa Uholanzi walitaka kujua kwa nini spora za aina fulani za Bacillus subtilis, zinazoharibu vyakula vya viwandani, zinastahimili joto kupita za wenzake. Wakakuta jeni za ziada zimebebwa na kipande kinachoruka, ndugu wa vile vya McClintock. Na kadiri nakala zinavyokuwa nyingi, spora zinazidi kuwa ngumu. Yaani hata uwezo wa kuvumilia moto unaweza kuhama kutoka kwa bakteria mmoja kwenda kwa mwingine. Na mimi niliandika gazetini kwamba bakteria hufa kwenye maji yanayochemka, nukta!

Nimejifunza nini? Kwamba sentensi yangu ilikuwa na bakteria mmoja tu kichwani, yule wa kitabu cha sekondari, mwenye nyumba peke yake. Bakteria wa kweli ni nyumba ya wapangaji. Mmoja amekalia jeni ya ganda, mwingine amebeba sumu na kumzuia mwenye nyumba asisinzie, mwingine ameleta ustahimilivu wa moto. Kulala na kuamka kwake ni makubaliano ya watu wengi, wengine waliingia bila hodi.

Na hatari yake si hadithi ya Ulaya. Mwaka 2015 kimeta kiliua nyati zaidi ya 100 katika Hifadhi ya Ziwa Nakuru, Kenya. Kama mnataka kujua spora inalala kiasi gani, Waingereza walijaribu mabomu ya kimeta kwenye kisiwa cha Gruinard, Scotland, mwaka 1942. Kisiwa kilitangazwa kuwa salama mwaka 1990, tena baada ya kumwagiwa dawa udongo wake. Miaka 48. Sisi hatuna wa kuja kumwagia dawa boma la mfugaji.

Kwa hiyo sahihisho langu, safari hii kwa kirefu. Mnyama akifa ghafla na damu ikimtoka puani, mdomoni au nyuma, usimpasue, usimchune, usile nyama yake, hata uwe na sufuria kubwa namna gani. Zuia mbwa na fisi wasimfikie. Mwite mtaalamu wa mifugo, mzoga uchomwe au uzikwe kwa kina kama atakavyoelekeza. Walio hai wachanjwe. Aliyemgusa akiona kipele kinachogeuka kidonda cheusi kisichouma, aende hospitali mapema, kinatibika kwa antibiotiki.

Nilimpigia mzee simu juzi nikamsimulia yote, kuanzia Cohn mpaka zile plasmidi. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza akauliza, "Sasa kule kijijini umerudi kuwaambia?"

Sikuwa nimerudi. Nimeshakata tiketi ya basi, naondoka Jumamosi alfajiri. Nitawaletea habari nikirudi, na safari hii nitauliza kabla ya kuandika.

Alamsiki.